Salamu Niliyokatazwa

Mbata zikikaushwa kwa moshi wa makumbi ya nazi hutoa harufu ambayo ukishaizoea huwezi kuisahau tena: mafuta ya nazi, moshi, na kitu kama sukari inayokaribia kuungua. Nyumba ya bibi yangu mzaa baba, pale Miburani, ilinuka hivyo mwaka mzima. Nyuma ya nyumba palikuwa na uchaga mrefu wa miti, juu yake zimepangwa nazi zilizopasuliwa, na chini yake moto wa makumbi ambao haukuruhusiwa kuwaka wala kuzimika, ufuke tu. Harufu ile iliingia kwenye shuka, kwenye sare zangu za shule, hata kwenye nywele. Darasani wakanipa jina la Mbata, na kwa jinsi nilivyokwisha kuzoea, wakisema kuna mtu ananuka nilikuwa nageuka kumtafuta ni nani. Nilikaa kwenye nyumba ile msimu mmoja tu, kuanzia vuli hadi mvua za masika zilipokaribia, lakini mtu akiniuliza habari za utoto wangu, pua ndiyo hutangulia kukumbuka.

Juzijuzi niliulizwa kweli. Nina nyumba ndogo ya wageni huku Utende, vyumba vichache, na wengi wanaokuja kwangu wanafuata kumtazama papa potwe, yule papa mkubwa asiyemdhuru mtu. Akaja mama mmoja mtu mzima, mvi kichwa kizima, anatoka visiwa vya Hawaii. Asubuhi ya kwanza alinikuta jikoni nachoma vitumbua, akanyanyua mkono, akasema, "Aloha." Nikacheka, Mungu anisamehe, maana neno lile nilikuwa nalijua, ila miaka yote nilidhani ni jina la kiwanda cha mashati! Yale mashati ya mitumba yenye maua makubwamakubwa, mengi yake yameandikwa hivyo kifuani. Kuna fundi pikipiki mmoja hapa kijijini alilivaa la kwake mpaka likabaki kola, watu wakamwita Aloha, na hadi leo ukimwita hivyo anaitika. Nilipomsimulia mgeni habari hizo alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniuliza kama ningependa kujua maana yake, nami nikamvutia kibao cha mbuzi akae vizuri.

Akaniambia bibi yake alimfundisha kwamba neno lile lina vipande viwili: alo, yaani uso wa mtu, pale mbele yake, na ha, yaani pumzi. Kwamba wazee wa kwao walipokutana waligusanisha mapaji ya nyuso na pua, wakavuta pumzi pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Lakini hakunificha kwamba wajuzi wa lugha hawakubaliani na bibi yake. Wao wanasema neno ni la kale zaidi, lina ndugu zake katika visiwa vingine vya bahari ile yao, na kote huko linahusu mapenzi na huruma. Habari ya pumzi imekuja baadaye. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema yeye yuko upande wa bibi yake, na wajuzi nao hawamkeri. Linalomkera ni kuliona limechapwa kwenye vikombe na mataulo, linauzwa uwanja wa ndege pamoja na pipi. Kisha akanigeuzia kibao: "Na hili lenu mnaloambiana hapa kila saa, shikamoo, nalo maana yake nini?" Jirani yangu siku ile alikuwa anakausha mbata zake, upepo ukazileta jikoni, na mimi kitumbua kikaniungulia.

Jibu la kawaida ninalo, kila mtoto wa pwani analo. Moo ni miguu kwa Kiswahili cha wazee, na anayeamkia anasema anaishika miguu ya mkubwa wake. Marahaba ni Kiarabu, ni kama kumwambia mtu karibu, umepokelewa. Baada ya hapo watu wanaanza kubishana. Wako wanaosema ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, tena anashika kweli, mikono chini; na wako wanaosema hata, ni adabu tu ya mtoto kwa mzazi na haina ubaya wowote. Mimi nimewahi kuishi katikati ya ubishi huo, nikiwa na miaka minane, na sikuwa na wa kumuuliza.

Baba yangu ni mtoto wa watu wenye asili ya Oman, watu wa mashamba ya minazi. Mama ni wa Jibondo, binti wa Babu Makame, fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Baba alipomuoa mama alihamia kwa wakwe zake, na bibi yangu, Bi Salha, akalichukulia jambo hilo kama kofi la uso. Kwa hiyo mimi nililelewa Jibondo, kisiwa ambako maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo na mtoto akimwaga kopo alipigwa kelele na mtaa mzima. Nyumbani kwa babu tulikuwa na adabu zetu zote, ila neno moja halikutamkwa. Tulimwambia babu "sabalkheri" asubuhi na "masalkheri" jioni, tukambusu mkono, akaridhika. Shikamoo nililisikia kwa majirani, nikadhani ni mambo ya nyumba zao, kama vile wengine wanavyokula pweza na wengine hawali.

Ndipo ujauzito wa mama ukawa mbaya. Miguu ilimvimba, akawa anaanguka, daktari akasema apelekwe Dar es Salaam akajifungulie huko, na baba akaenda naye. Bibi mzaa mama alikuwa ameshafariki, na babu alishinda kwenye mbao kutwa, basi ikaamuliwa niende Miburani kwa Bi Salha. Babu alinibeba begani hadi kwenye boti, akaniweka juu ya gunia, akaniambia taratibu, bila hasira: "Kule utakula, utalala, utasoma, utamsikiliza bibi yako. Neno lile tu usimwambie. Nikisikia umelisema nitakuja kukuchukua siku hiyohiyo, na kule hutarudi tena." Nilitaka kuuliza kwa nini, lakini alikwisha kunigeuzia mgongo, anasukuma boti.

Asubuhi ya kwanza Miburani, shangazi yangu Zuhura, dada yake baba, alininawisha uso akanipeleka kibarazani kumwamkia bibi. Bi Salha alikuwa mwanamke mfupi, mweupe, mwenye macho ambayo hayakuwa na haraka. Nikapiga magoti nikasema, "Sabalkheri, bibi." Akaendelea kupanga ushungi wake. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hasikii vizuri. "Sabalkheri ni ya wenzangu," akasema. "Wewe nangoja yako." Nikabaki pale nimepiga magoti, shangazi ananifinya bega, na mimi mdomo umefungika kabisa. Mwishowe bibi akanyanyuka akaenda kugeuza nazi zake, na mimi nikaletewa chai.

Ikawa hivyo kila siku. Sikupigwa, sikunyimwa chakula. Haki ya Mungu, kipande kinono cha samaki kilikuwa changu, na usiku bibi mwenyewe alikuja kunifunika shuka. Lakini alfajiri inayofuata alikuwa kibarazani, ameshajitanda, anangoja. Yeye aliona wazi ni Makame aliyenilisha maneno ili kumdhalilisha ndani ya nyumba yake. "Yule fundi wa Jibondo amenitumia tusi ndani ya kinywa cha mjukuu wangu," nilimsikia akimwambia shangazi. Halafu akasema lililonitia baridi mwili mzima: "Na mama yake akirudi na hicho kichanga chake, mlangoni kwangu hapa haingii, mpaka huyu mtoto afunzwe adabu."

Jamani, fikiria. Nikilisema neno, babu anakuja kunichukua, na baba na mama wakirudi watakuta nyumba mbili hazitazamani tena. Nisiposema, mama yangu mgonjwa anafungiwa mlango. Nilikuwa nikijifunika shuka na kumwomba Mwenyezi Mungu anipe donda la koo, moja kubwa, nisiweze kusema chochote kwa mtu yeyote, ili kosa lisiwe langu. Koo lilibaki zima, tena madrasa nilikuwa nasifiwa kwa sauti. Niliwaonea wivu hata kuku wa bibi, wanaoingia na kutoka uani bila kumsalimu mtu.

Shangazi Zuhura ndiye aliyelivuruga jambo, masikini, kwa wema wake. Alikutana sokoni Kilindoni na wavuvi wa Jibondo, wakamuuliza hali yangu, naye kwa kutaka sifa ya nyumba akasema, "Hajambo sana, siku hizi anamwamkia bibi yake vizuri, shikamoo haimtoki mdomoni!" Uongo mtupu. Wavuvi nao wakafika kwao na habari yao, na babu akaweka chini shoka lake.

Alikuja kwa boti ya watu, akateremkia ufuko wa karibu na shamba letu maji yakiwa yamepwa, akawa anatembea kwenye maji ya magoti. Hapo ndipo alipomkanyaga samaki taa aliyejifukia mchangani, na taa akampiga mwiba juu ya kifundo cha mguu. Aliyewahi kupigwa na taa hahitaji kuelezwa, na ambaye hajapigwa ashukuru. Wavuvi wawili vijana, wasiojua lolote la ugomvi wa watu, walimnyanyua, wakatazama huku na huku, wakaona moshi wa uchaga wetu juu ya minazi. Penye moto pana maji ya moto, na sumu ya taa dawa yake ni maji ya moto. Wakamleta mbio hadi uani kwa Bi Salha, wakamlaza kwenye jamvi.

Mimi nilikuwa nabandua nazi kavu kwenye vifuu vyake, nikaona babu yangu analetwa kama gunia. Roho ilinitoka. Uso wake ulikuwa wa majivu, jasho linamchuruzika, na alipofumbua macho akaona ni kwa nani, alisema kwa meno yaliyobana, "Nitoeni humu." Bi Salha alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. "Utoke uende wapi, na mguu huo? Zuhura, chochea moto!" Shangazi akasita, maana moto ule haukuchochewa kamwe. "Chochea, nimekwambia! Mbata na ziungue!" Makumbi yakawaka, ndimi za moto zikalamba uchaga, maji yakachemka ndani ya muda mfupi, na juu ya uchaga nazi za wiki nzima zikaanza kugeuka makaa. Bibi hakuzitazama. Aliketi chini, kwenye vumbi, akauchukua mguu wa babu kwa mikono yake miwili akauingiza kwenye beseni, akawa anapima joto kwa kiganja chake mwenyewe na kuongeza maji, huku babu anauma kilemba chake asipige ukelele. Jirani mmoja mwanamke alichungulia akanong'ona kwamba haipendezi. "Dharura," bibi akamjibu bila kugeuka, na jirani akaondoka.

Walikaa hivyo muda mrefu. Polepole rangi ikaanza kumrudi babu, vidole vyake vikaliachia jamvi. Bibi bado ameushika mguu. Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Makame. Niambie nilikukosea nini hata mjukuu wangu mwenyewe aambiwe asinisalimu." Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya chungu cha maji, nimetega masikio, maana lile neno lililokuwa linanitesa ndilo lilikuwa linazungumzwa.

"Mama yangu alikuwa akipasua nazi kwenye uchaga wa baba yako, hapahapa," babu akasema. "Asubuhi akipita kibarazani kwenu anakuamkia. Wewe. Ukubwa wako ulikuwa wa huyu Riziki, aliyejificha nyuma ya chungu." Nikazidi kujikunyata. "Mimi nimemshika kanga yake, natazama. Mama yangu, mtu mzima, anainama mpaka chini, anasema shikamoo, na wewe unaitika marahaba huku unatafuna kashata. Siku moja akasema basi. Akatuhamishia Jibondo, kwenye ukame ule, tukawa tunagombania kopo la maji, ilimradi asimwamkie mtoto tena. Ndiyo sababu neno hilo halisemwi kwangu."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anatazama beseni. "Bi Tatu," akasema baadaye. "Mrefu. Alikuwa na ndonya ya fedha kwenye mdomo wa juu." Babu hakutegemea kwamba angemkumbuka, niliona kwenye macho yake. "Nilifunzwa kuitika, nikaitika," bibi akaendelea. "Hakuna aliyeniambia kwamba ni mkubwa wangu. Na alipoacha kuja, niliulizia yuko wapi, nikaambiwa nisiulize." Akajifuta uso kwa mkono uliolowa. "Na wewe? Baina yetu nani mkubwa?" Babu akasema yeye alikuwa ameshaanza kukimbiakimbia wakati bibi anabebwa mgongoni. Bibi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Yarabi! Kumbe tangu harusi ya watoto wetu nangoja salamu kutoka kwa mkubwa wangu."

Halafu, mikono ingali kwenye mguu wake, akasema, "Shikamoo, Kaka Makame."

Nazi zilikuwa zinapasuka motoni, shangazi amesimama na kata mkononi, na mimi najua kwamba babu asipoitika ndiyo imekwisha, mama yangu atarudi na mtoto wake asijue pa kuingia. Niliona kifua cha babu kikijaa. Alivuta pumzi ndefu, ndefu mno, nikawa naivuta pamoja naye, nikidhani itatoka na matusi. Ikatoka na neno. "Marahaba," akasema. Na pale pale akafunika macho kwa kilemba. Bibi akamwongezea maji ya moto, maana yaliyokuwemo yalikwisha kupoa.

Baadaye, akiwa ameshaegemea ukuta na mguu umefungwa kitambaa, babu akaniita. "Riziki, njoo. Mwamkie bibi yako, amengoja sana." Nikapiga magoti, nikalisema, nikalisema tena, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, na kila mara bibi akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu, marahaba." Nililia siku ile mpaka shangazi akadhani nami nimechomwa na taa. Ilikuwa furaha tu, ule mzigo nilikuwa nimeutua. Usiku ule nililala fofofo, uani kunanuka nazi zilizoungua, na sijawahi kupata tena usingizi mtamu kama ule.

Mama alirudi kabla ya masika, amekonda lakini mzima, na mdogo wangu wa kiume mgongoni. Aliteremka garini kwa wasiwasi, anatazama mlango. Bi Salha alitoka nje mwenyewe, akampokea mtoto hata mama hajasema hodi. Siku ya arobaini babu alikuja kutoka Jibondo amevaa kanzu, akakaa kibarazani pale pale alipokuwa akipita mama yake, na Bi Salha akamletea kahawa na sahani ya kashata. Babu akazitazama zile kashata, akamtazama bibi, na wote wawili wakacheka mpaka wageni wakaulizana kuna nini.

Sasa wote hawapo. Uchaga haupo, pale pamejengwa nyumba za kupangisha. Binti yangu, anayesoma bara, ananitumia salamu kwenye simu kwa herufi nne, "shkm", na mimi namjibu kwa kirefu ili aone aibu, wala haoni. Vijana wengine wamesoma vitabu, wananiambia shikamoo ni neno la utumwa, tuliache. Siwagombezi, maana babu yangu alisema hivyo kabla yao, na alikuwa na haki. Siku hizi ninaamkia na kuamkiwa bila hofu yoyote, asante Mungu, na mtoto akinipa "sabalkheri" namwitikia vilevile. Nikitazama tulipotoka, naona tumefika pazuri.

Hayo yote nilimsimulia mgeni wangu, vitumbua vikiungua kimoja baada ya kingine. Aliniuliza, basi mwishowe neno lenu ni zuri au baya? Nikamwambia nimesimuliwa habari za mtu aliyeinama kulisema na nimemwona mtu akiponya mguu huku akilisema, achague mwenyewe. Siku ya kuondoka, mabegi yapo garini, nikamwamkia, maana ni mkubwa wangu. Nilikuwa nimemfundisha kuitika, lakini hakuharakisha. Alinitazama usoni, akavuta pumzi, nami nikajikuta naivuta pamoja naye kama siku ile nyuma ya chungu cha maji, nikingoja. "Marahaba," akasema, na mimi, mtu mzima na nyumba yangu ya wageni, nikashusha pumzi.